UZI: Nini kinapita kwenye kondo la nyuma kumfikia mtoto tumboni, na kinapitaje

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kuna swali linalorudi jukwaani kila mara kwa sura tofauti: "Hii dawa inamfikia mtoto tumboni?" Majibu yanakuja haraka, na karibu yote ni ya ndiyo au hapana. Mmoja anasema kondo la nyuma linachuja kila kibaya. Mwingine anasema chochote anachomeza mama, na mtoto kameza. Mimi ni mfamasia, dirisha langu linahudumia kliniki ya wajawazito, na nimeona majibu yote mawili yakiumiza watu. La kwanza linamfanya mama ameze kitu bila kuuliza. La pili linamfanya aache dawa ya kifafa au ya pumu kimyakimya, halafu analetwa akiwa amezidiwa.

Nitaeleza jinsi mambo yanavyokwenda humo ndani. Ni uzi mrefu, naomba mvumilie. Maswali yawekwe hapa hapa chini, nitayajibu.

Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Hili ndilo la kulishika kwanza. Kondo limejishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Upande wa mtoto, mishipa ya kitovu inagawanyika na kugawanyika tena mpaka inakuwa vijitawi vidogo mno, vinavyoning'inia ndani ya damu ya mama kama mizizi ya yungiyungi ndani ya maji. Mishipa ya mfuko wa uzazi inamwaga damu ya mama pale, inaviosha vile vijitawi, kisha inarudi zake. Mimba ikikaribia kutimia, zaidi ya nusu lita ya damu ya mama hupita huko kila dakika. Damu ya mtoto iko ndani ya vijitawi, inasukumwa na moyo wake mwenyewe.

Katikati ya damu hizo mbili kuna utando. Miezi ya mwanzo huwa mnene, halafu unakonda kadiri mimba inavyokua, mpaka kufikia kama sehemu 3 kwa elfu za milimita moja. Vijitawi vyote ukivitandaza, eneo lake linazidi mita za mraba 10, na hilo liko kwenye kiungo chenye uzito wa nusu kilo hivi.

Sasa kila kitu kina njia yake ya kuvuka utando huo.

Oksijeni inapenya yenyewe, kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache. Mtoto anasaidiwa na himoglobini yake, ambayo si sawa na ya mtu mzima: inaikamata oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mama, kwa hiyo inaivuta hata pale ilipo kidogo. Kabonidayoksaidi inarudi upande wa pili.

Glukosi haiachwi ipenye yenyewe. Ina vibebaji vyake kwenye utando, na kiasi kinachopita kinategemea sukari iliyopo kwenye damu ya mama. Hapa ndipo kisukari cha mimba kinapoeleweka. Sukari ya mama inapita, insulini ya mama haipiti. Mtoto anapokea sukari nyingi asiyoiomba, kongosho lake linalazimika kutoa insulini yake kwa wingi, na insulini ni homoni ya kukuza: mtoto ananenepa kupita kiasi. Akizaliwa na kitovu kukatwa, sukari ya mama inakoma papo hapo lakini insulini yake bado iko juu, na sukari yake inaporomoka. Ndiyo maana mtoto wa mama mwenye kisukari hupimwa sukari mara kadhaa katika saa zake za mwanzo, hata kama anaonekana mkubwa na mwenye afya. Maelezo haya yalitolewa na daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, miaka ya 1950, na msingi wake bado unasimama.

Asidi amino, ambazo ndizo malighafi ya protini, zinasukumwa kwa nguvu. Kondo linatumia nishati yake kuzipandisha kwa mtoto hata kama kwake ni nyingi kuliko kwa mama. Ndivyo ilivyo kwa kalsiamu pia: mtoto aliyetimia ana gramu 30 hivi za kalsiamu mwilini, na sehemu kubwa aliikusanya katika miezi mitatu ya mwisho. Madini ya chuma nayo yana vipokezi vyake, na safari yake ni ya upande mmoja. Akiba ya mama ikiwa ndogo, kondo linaongeza vipokezi ili mtoto apate fungu lake, na mama ndiye anayebaki na upungufu wa damu. Mama anayesema "mtoto anacheza vizuri, vidonge vya damu sivihitaji" angejua hili mapema angevimeza. Na upungufu ukiwa mkubwa, hata akiba ya mtoto inaguswa.

Kingamwili ndizo zinanivutia kuliko vyote. Ni protini kubwa sana, na kwa ukubwa wake zisingetakiwa kupita. Lakini aina moja, IgG, ina kipokezi chake maalumu kinachoibeba kutoka kwa mama na kuishusha upande wa mtoto. Kazi hiyo inaanza taratibu kama wiki ya 13 na kushika kasi wiki za mwisho, kiasi kwamba mtoto aliyetimia anaweza kuzaliwa na IgG nyingi kuliko mama yake. Chanjo ya pepopunda anayochomwa mama inamlinda mtoto kwa njia hii hii. Aliyezaliwa kabla ya wakati anaikosa sehemu kubwa ya kinga hiyo, na ni sababu mojawapo ya watoto njiti kuugua haraka.

Dawa nitazigusa kwenye bandiko linalofuata.

#2 – Mchangiaji

Asante kwa elimu, mkuu. Mimi nina swali linalonikaa rohoni. Mtoto wangu alizaliwa mimba imetimia lakini mdogo sana, na mpaka leo upande wa ukweni wanasema sikuwa nakula. Nilikuwa nakula. Nilikuwa na presha ya mimba. Je, inawezekana chakula kisimfikie mtoto?

#3 – Mchangiaji

Dada #2, pole sana. Naomba nijibu mimi, nimekuwa mkunga kwa muda mrefu.

Mama akishajifungua tunalikagua kondo kabla ya kulitupa. Upande uliokuwa umemgusa mama ni mwekundu wa kuiva, umegawanyika mafungu mafungu kama 15 hadi 20, na tunahakikisha hakuna fungu lililobaki ndani, maana likibaki mama atavuja damu. Upande wa mtoto unateleza na kung'aa, rangi ya kijivu-buluu, mishipa imetapakaa kutoka pale kitovu kilipojishikiza. Kitovu nacho tunakiangalia pale kilipokatwa: tunatafuta matundu matatu, ateri mbili nyembamba na vena moja pana. Vena ndiyo inayompelekea mtoto oksijeni na chakula, ateri zinarudisha taka.

Kondo la mama aliyekuwa na presha mara nyingi utalijua kwa kulishika. Ni dogo, na lina mabaka magumu yaliyopauka, sehemu ambazo damu iliacha kufika zikafa. Sehemu iliyokufa haipitishi kitu.

Kwa hiyo dada yangu, chakula ulikula na kilifika kwenye damu yako. Njia ya kukifikisha kwa mtoto ndiyo ilikuwa nyembamba. Usibebe lawama isiyo yako.

#4 – Mwanzisha uzi

Mama mkunga, ubarikiwe. Naongezea kidogo tu, kwa sababu suala hili linawaumiza wanawake wengi bila haki.

Mwanzoni mwa mimba, chembe za kondo huingia kwenye mishipa midogo ya mfuko wa uzazi na kuipanua, ili damu nyingi imwagike kwa utulivu. Kwenye presha ya mimba ya aina inayoanza mapema, upanuzi huo mara nyingi haukukamilika. Mishipa ilibaki myembamba. Hilo lilitokea miezi ya mwanzo kabisa, wakati mama hana dalili yoyote. Kumwambia mwanamke huyo ale zaidi hakuipanui mishipa. Anachohitaji ni kupimwa presha, kupimwa ukuaji wa mtoto, na kwa aliye kwenye hatari, daktari kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 16. Ukweni wasome hapa.

Sasa dawa.

Dawa nyingi hazina kibebaji maalumu. Zinapenya zenyewe kwenye utando, na kinachoamua ni umbo la dawa. Ukubwa kwanza: molekuli hupimwa kwa dalton, na iliyo chini ya 500 hupita kwa urahisi, iliyozidi 1,000 hupita kwa shida au haipiti kabisa. Vidonge vingi tunavyotoa dirishani viko chini ya 500, kwa hiyo ukweli ni kwamba dawa nyingi zinamfikia mtoto kwa kiasi fulani. Inayoyeyuka kwenye mafuta hupita upesi kuliko inayopenda maji. Iliyobeba chaji ya umeme hukwama. Iliyojishikiza kwenye protini za damu ya mama haivuki, ni ile iliyo huru tu ndiyo inayovuka.

Mfano wa dawa za kuzuia damu kuganda unaonyesha vizuri. Warfarini ina dalton 308, inapita, na ikitumiwa kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu ukuaji wa pua na mifupa ya mtoto, na baadaye kumletea damu kuvuja. Heparini ni molekuli ndefu ya maelfu ya dalton na ina chaji nyingi, haipiti. Mama mwenye damu iliyoganda mguuni anachomwa sindano za heparini badala ya kidonge, na wengi wanalalamika sindano ni za kila siku na zinauma. Wanaolalamika wana haki. Lakini hiyo ndiyo sababu.

Kuna mengine mawili ambayo hayasemwi sana. Damu ya mtoto ina asidi kidogo zaidi ya ya mama. Dawa zenye asili ya besi, yaani kinyume cha asidi, kama zile za ganzi, zikivuka hupata chaji upande wa mtoto na kushindwa kurudi, zinajikusanya huko. Mtoto akiwa amechoka na kukosa oksijeni wakati wa uchungu, asidi yake inapanda na mtego huo unakuwa mkali zaidi. La pili, kondo lina pampu zinazorudisha baadhi ya dawa kwa mama mara zinapoingia, na lina vimeng'enya vinavyozivunja nyingine. Kwa hiyo kondo lina kazi linayoifanya, si utando uliolala tu.

#5 – Mchangiaji

Mkuu, mbona unatisha watu? Kondo limeumbwa limlinde mtoto. Bibi zetu walizaa watoto kumi kumi na hawakuwa na habari za dalton.

#6 – Mwanzisha uzi

Ndugu #5, hoja yako naiheshimu, maana hata madaktari waliiamini hivyo kwa miaka mingi. Waliifundisha vyuoni kwamba kondo ni kizuizi.

Mwaka 1941 huko Australia, daktari wa macho Norman Gregg aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho. Akagundua kwamba mama zao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Kirusi kilikuwa kimevuka. Bado wengi waliendelea kuona dawa ni salama.

Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuza thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyotangazwa kuwa haina madhara, na wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu. Ni molekuli ndogo, dalton 258. Iliondolewa sokoni Novemba 1961, baada ya daktari wa watoto Widukind Lenz kuihusisha na watoto waliozaliwa bila mikono au miguu kamili. Huko Australia, William McBride naye alitoa tahadhari kama hiyo. Watoto zaidi ya 10,000 duniani waliathirika. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya janga hilo kwa sababu Frances Oldham Kelsey wa mamlaka ya dawa, FDA, alikataa kuipitisha bila ushahidi wa kutosha, na akashikilia msimamo wake huku kampuni ikimsukuma.

Angalia jambo moja hapo. Madhara yalitokea kwa waliomeza kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi baada ya mimba kutunga. Aliyemeza mwanzoni mwa siku hizo alipata mtoto mwenye kasoro ya masikio, aliyemeza siku chache baadaye, ya mikono, kisha ya miguu. Aliyemeza miezi ya mwisho, mtoto hakupata kasoro hizo. Dawa ilikuwa ile ile, na ilikuwa ikivuka vile vile. Kilichobadilika ni kile mwili wa mtoto ulichokuwa unakijenga siku hiyo.

Na kuhusu kutisha, kuna sumu ambazo kondo linazipeleka kwa mtoto kwa bidii. Zebaki ya kikaboni iliyowaumiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, ikijifunga na asidi amino hupanda kwenye vibebaji vya asidi amino. Damu ya kitovu inakuwa na zebaki nyingi kuliko ya mama. Kuna akina mama wa Minamata ambao hawakuwa na dalili za maana, wakazaa watoto walioharibika ubongo. Ulinzi upo, ndugu yangu. Una mipaka, na ni heri tuijue.

#7 – Mchangiaji

Kaka, mke wangu ana kifafa. Ana mimba ya miezi miwili. Jana kasoma mtandaoni kuhusu valproeti, leo asubuhi kaitupa chupa nzima. Nifanye nini?

#8 – Mwanzisha uzi

Kaka #7, leo hii, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari anayemtibu, au kituo chochote chenye daktari kama huyo yuko mbali. Mwende na karatasi za dawa zake.

Nakuambia kwa nini. Valproeti kweli ni dawa nzito kwa mimba. Kati ya watoto 10 walioipata tumboni, 1 hivi huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 huchelewa kukua kiakili na kitabia. Hofu ya mke wako haikutoka hewani, usimgombeze. Lakini kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo. Wakati wa degedege mama hapati hewa vizuri, na mtoto hana hifadhi ya oksijeni zaidi ya inayoletwa na damu ya mama. Kuanguka nako kunaweza kulibandua kondo. Hao wawili wote mnaweza kuwapoteza kwa usiku mmoja.

Daktari anaweza kumhamishia dawa nyingine, kama lamotrijini au levetirasetamu, ambazo rekodi yake kwenye mimba ni nzuri zaidi, na kuamua kama ni busara kubadilisha sasa na kwa kasi gani. Mkumbushe pia kwamba dozi itahitaji kufuatiliwa. Mwilini mwa mjamzito maji ya damu yanaongezeka karibu nusu, na figo na ini vinafanya kazi kwa kasi. Lamotrijini hasa hushuka sana kwenye damu, na mama aliyekuwa ametulia miaka yote anaanguka akiwa na mimba ya miezi mitano huku akimeza kila siku.

Tupe habari tafadhali.

#9 – Mchangiaji

Ndiyo maana mimi nasisitiza mitishamba. Haina kemikali.

#10 – Mwanzisha uzi

Dada #9, hapa tutatofautiana kwa heshima. Kila mmea una kemikali, na utando wa kondo hauulizi kemikali imetoka kiwandani au shambani. Warfarini yenyewe ilizaliwa kutokana na utafiti wa nyasi iliyooza iliyokuwa ikiwatoa ng'ombe damu.

Nitakupa mfano mmoja mpaka mwisho, maana ni mzuri kwa kuelewa. Kondo lina kimeng'enya kinachoivunja kotisoli, homoni ya mama ya mfadhaiko, ili isimfikie mtoto kwa wingi. Kimeng'enya hicho hicho kinaivunja prednisoloni. Mama mwenye pumu kali au ugonjwa wa kinga akipewa prednisoloni, mtoto anapata kama sehemu moja tu ya kumi. Ndiyo maana tunaitoa kwa wajawazito bila woga mkubwa inapohitajika.

Deksamethasoni na betamethasoni ni ndugu wa prednisoloni, ila kimeng'enya hakiziwezi. Zinapita. Basi pale tunapotaka kumtibu mama tunachagua prednisoloni, na tunapotaka kumtibu mtoto kupitia kwa mama tunachagua hizo mbili. Mama akielekea kujifungua kabla ya wakati, kati ya wiki ya 24 na ya 34, anachomwa deksamethasoni miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne, ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Graham Liggins wa New Zealand alianzia kwa kondoo: wanakondoo wake waliozaliwa mapema mno baada ya kupewa dawa hiyo walipumua, jambo ambalo hakulitarajia. Yeye na Ross Howie walitoa matokeo kwa binadamu mwaka 1972. Nikifikiria watoto njiti waliopumua kwa sababu ya sindano hizo, nashukuru kwamba kondo lina mahali linaporuhusu.

Sasa turudi kwenye mmea. Mzizi wa urukususu una kiini kinachokizima kimeng'enya hicho. Mama akiula kwa wingi, kotisoli yake inavuka kwa mtoto kuliko inavyotakiwa, na juu ya hilo presha ya mama inapanda. Ni mzizi mtamu, unauzwa kama dawa ya kifua. Hakuna aliyekusudia mabaya. Dawa yoyote ya mmea unayotumia, itaje kliniki kama unavyotaja kidonge.

#11 – Mchangiaji

Mimi nilitumia antibayotiki na dawa za maumivu wiki mbili nzima kabla sijajua kama nina mimba. Sasa ni wiki ya 7, silali kwa mawazo.

#12 – Mwanzisha uzi

Pole dada. Andika majina ya dawa zote, tarehe ulizomeza na tarehe ya hedhi ya mwisho, ndipo uende kliniki. Bila tarehe hakuna anayeweza kukujibu vizuri.

Wiki mbili za mwanzo baada ya mimba kutunga, chembe za mtoto ni chache na hazijagawana kazi. Dhara likiwa kubwa mimba inatoka, likiwa dogo chembe zilizobaki zinaziba pengo na mtoto anaendelea salama. Baada ya hapo, mpaka wiki ya 8 tangu kutunga, ndipo viungo vinajengwa, na ndicho kipindi cha kujihadhari zaidi. Antibayotiki nyingi za kawaida, za jamii ya penisilini kwa mfano, hazina historia mbaya katika kipindi hicho. Lakini siwezi kukwambia "uko salama" bila kujua majina, na mtu yeyote atakayekwambia hivyo hapa jukwaani usimsikilize.

Tahadhari kwa wengine: kuna dawa zinazobaki mwilini hata baada ya kuacha. Isotretinoini ya chunusi inataka kusubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Asitretini ya ngozi inataka miaka 3. Hizi ziulizwe kabla ya kuanza.

#13 – Mchangiaji

Wakuu nisaidieni haraka. Maumivu: parasetamoli au ibuprofeni? Na foliki asidi, ya miligramu 5 si ndiyo bora zaidi?

#14 – Mwanzisha uzi

Parasetamoli, dozi ndogo inayotosha, siku chache. Inapita kwa mtoto, ndiyo, lakini kwa homa na maumivu ndiyo bado chaguo la kwanza, na homa kali yenyewe ina madhara. Ibuprofeni na diklofenaki uziepuke, hasa kuanzia wiki ya 20: zinaweza kupunguza kazi ya figo za mtoto na maji ya uzazi yakapungua, na miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga mshipa wa karibu na moyo wake ambao haukutakiwa kufungwa mpaka azaliwe. Ile aspirini ndogo ya presha niliyoitaja juu ni habari nyingine, usiiache kwa kusoma hapa.

Foliki asidi: kwa wengi ni mikrogramu 400, sawa na miligramu 0.4, na inatakiwa ianze kabla ya mimba. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto unafunga siku ya 28 hivi tangu kutunga, wengi wakiwa hawajajua kama ni wajawazito. Dozi kubwa ni ya waliowahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au wenye sababu nyingine ambazo daktari amezipima. Na kwa wanaomeza SP ya kuzuia malaria kliniki: foliki ya miligramu 5 inaipunguza nguvu SP. Ya 0.4 haina shida hiyo. Angalia namba kwenye pakiti yako.

#15 – Mchangiaji

Mimi #7. Nimerudi kuleta habari. Daktari kamhamishia levetirasetamu, anaongeza moja huku akishusha nyingine. Amelala. Asanteni nyote.

#16 – Mwanzisha uzi

Kaka, umenipa amani. Endelea kuhudhuria naye kliniki.

#17 – Mchangiaji

Naomba la mwisho, na sitaki kujitambulisha. Natumia ARV, dolutegraviri na tenofoviri zikiwemo. Mimba ina wiki 10. Kwa maelezo yako dawa zinapita kwa mtoto. Nipumzike miezi mitatu ya mwanzo?

#18 – Mwanzisha uzi

Usipumzike hata siku moja, dada yangu. Kwako wewe, kupita kwa dawa ni faida.

Virusi vya UKIMWI mara chache vinavuka kondo lenye afya. Maambukizi mengi hutokea wakati wa uchungu na kujifungua, na kwenye kunyonyesha. Bila dawa, kati ya watoto 100, kuanzia 15 mpaka 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, idadi inashuka chini ya 5. Kinachofanya kazi kubwa ni virusi kufubaa kwenye damu yako. Juu ya hilo, dawa inayovuka inamkuta mtoto ameshakuwa nayo mwilini anapopita kwenye njia ya uzazi.

Kuhusu dolutegraviri, najua uliyoyasikia. Mwaka 2018 takwimu za awali kutoka Botswana zilionyesha huenda inaongeza mgongo wazi kidogo. Watafiti hawakuficha, walitangaza, na wakaendelea kuhesabu. Kadiri kina mama walioandikishwa walivyoongezeka, tofauti ile ilipungua ikatoweka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wazima wote, wajawazito wakiwemo.

Jambo la kuangalia kwako ni dogo ila muhimu: vidonge vya chuma na kalsiamu vinaishika dolutegraviri tumboni isinyonywe. Vimeze pamoja na mlo, au umeze dolutegraviri saa 2 kabla ya vidonge hivyo, au saa 6 baada yake. Kapime wingi wa virusi safari hii ya kliniki, na uulize mapema dawa ya kinga atakayopewa mtoto akishazaliwa. Ukitaka niandikie pembeni, jina lako halitatajwa.